Bibi Fuensanta Aje Mwezi Gani

2 Juni

Ukuta wa kisima, ukuta wa ngazi, ukuta wa jua. Zote tatu zimepata maji. Haya, nimeandika.

Hili si daftari langu, ni daftari la maji. Bibi yangu Araceli ameandika humu miaka na miaka: tarehe, ukuta gani umenyweshwa, basi. Mwaka huu magoti yamemgomea, hapandi tena ngazi, kwa hiyo ufito nimekabidhiwa mimi, Acisclo, miaka kumi na tisa, kijana mzuri kuliko wote mtaa wa San Basilio, na anayebisha aje tusimame pamoja mbele ya kioo. Vyungu vya maua mia tatu na kumi na viwili, vimetundikwa kwenye kuta tatu za ua wetu. Unachota kisimani, unajaza kopo lililofungwa kwenye ncha ya ufito, unalinyanyua mpaka vyungu vya ghorofani, unaliinamisha taratibu. Ukikosea unaoga wewe.

Mashindano ya nyua ya Mei yamekwisha. Tumekuwa wa pili. Tena. Cheti Bibi amekitumia kufungia dagaa akampelekea jirani.

Bibi ameniambia niandike kila siku, lakini mwandiko wangu hausomeki. Anasema ni kuku waliokanyaga wino. Kwa hiyo nitaandika nitakalo.

5 Juni

Kuta zote. Digrii thelathini na saba.

Asubuhi nikishamaliza vyungu nakwenda kuuza kofia na mapepeo kwenye kibanda cha Eutimio, karibu na daraja. Kila siku swali ni lilelile. Mgeni anafika, uso mwekundu kama pilipili iliyochomwa, anauliza: "Kijana, wakati gani wa mwaka ni mzuri kuja Córdoba?"

Namjibu: "Mwezi uliopita."

Wa Mei niliwaambia Oktoba, maana Mei huwezi kuona ua bila kuona kwanza migongo mia mbili. Wa Oktoba nitawaambia Mei. Mgeni akishakasirika ananunua kofia, sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyo.

Eutimio hapendi. "Wewe mdomo wako utanifukuzia watu."

"Mzee, kichwa kikipata moto hakina hasira ya kuchagua duka."

"Shule uliacha darasa gani?"

"Lile ambalo mwalimu alikuwa hana la kunifundisha."

Akanirushia kofia. Nimechoka na mwezi ndio kwanza unaanza.

9 Juni

Leo sina mzaha mwingi.

Simu yangu imelia wakati Bibi yuko kanisani. Bibi Fuensanta, dada yake Bibi, yule wa Bremen. Aliondoka hapa akiwa na miaka kumi na tisa, kwenda kufunga samaki kwenye makopo huko kaskazini, akaolewa, akazeeka hukohuko. Hunipigia mimi siku zangu za kuzaliwa tu, na leo si siku yangu.

"Acisclo, bibi yako yupo?"

"Hayupo. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu, ndiyo maana nakupigia wewe. Wewe si ndiye mjuzi wa wageni? Niambie kweli. Mwezi gani Córdoba ni mzuri kuja?"

Nikafurahi. Ndugu ndugu! "Mei, Bibi. Mwezi mwingine wowote ni mchezo. Mei ukuta wa jua wote unakuwa mwekundu, huoni chokaa."

"Iondoe Mei."

"Mei ya mwakani, Bibi, hii imepita."

"Mwakani kwenyewe kuondoe."

Akaendelea polepole kama anayesoma orodha ya vitu vya sokoni: daktari kasema hivi, picha zimeonyesha vile, Krismasi labda, labda isiwe. Kisha akaniapisha. Nisimwambie Araceli. "Akijua atanipokea kwa huruma. Sitaki huruma yake. Nataka anifokee kama zamani."

Nikaapa. Kwa San Rafael kabisa, malaika mlinzi wa mji wetu, na huyo hapa kwetu huwezi kumchezea.

"Basi niambie mwezi," akasema.

Nikamwambia Oktoba. Joto limekatika, maua yanatoka mara ya pili, wageni wachache. "Oktoba," akarudia. "Haya."

10 Juni

Kuta zote.

Lazima niandike hili la ugomvi, la sivyo halieleweki. Mara ya mwisho hawa dada kuonana ilikuwa Januari, mazishi ya mama yao, mimi sijazaliwa. Januari uani hakuna kitu, misumari na matope. Bibi Fuensanta akatazama kuta tupu akasema: "Uzeni nyumba. Vyungu hivi ni utumwa tu. Araceli, utakufa umeshika ufito, na siku hiyohiyo kila kitu kitakauka." Bibi hajamsamehe. Kila Mei anamtumia picha ya ukuta wa jua, bila barua, bila hata salamu. Picha tu. Miaka thelathini na moja.

Leo nikamchokonoa wakati anasaga nyanya za salmorejo, supu yetu ya baridi. "Bibi, dada yako akitaka kuja?"

"Aje Mei."

"Na kama Mei ni mbali?"

"Bremen ndiko mbali. Mei hufika yenyewe."

"Tuseme Oktoba."

"Oktoba aone nini? Aone maua matatu aseme nilikwambia? Aje Mei asimame pale, aukodolee macho ukuta ule, ameze maneno yake na mbegu zake. Lete mkate."

Nikaleta mkate.

18 Juni

Kuta zote. Arobaini.

22 Juni

Kuta zote. Arobaini na moja. Feni imekufa.

29 Juni

Kuta zote. Tunafunga nyumba saa nne asubuhi, madirisha, milango, na mikeka juu ya madirisha, tunakaa gizani kama viazi. Bibi anahema akiwa amekaa. Eutimio anafunga kibanda saa sita maana hata wageni wameelewa.

3 Julai

Amepiga tena. Sauti yake imekuwa nyembamba, kama inapita kwenye tundu la sindano.

"Oktoba naiona mbali, mwanangu. Agosti je?"

"Agosti! Bibi, Agosti hapa hata njiwa wanatembea kwa miguu. Watu wenye akili wamekimbilia pwani. Ua wenyewe unakuwa na sura ya mtu aliyeamshwa."

"Kumi na saba Agosti kuna ndege ya moja kwa moja mpaka Sevilla."

"Bibi atakasirika ukiuona ukuta hivyo."

"Basi wewe ufanye usiwe hivyo," akasema akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakata simu.

Basi mimi nifanye. Mimi ni nani? Mimi ni Acisclo.

11 Julai

Kuta zote asubuhi. Na ukuta wa jua mara ya pili, siri.

Hesabu yangu ni hii. Maua yanakufa kwa kiu. Nikiupa ukuta wa jua maji mara mbili, mpaka katikati ya Agosti utakuwa kama Mei. Bibi analala kuanzia saa nane mchana, hapo ndipo napata nafasi. Kisimani siwezi kuchota, gurudumu la kamba linalia kama nguruwe na Bibi ana masikio ya paka. Kwa hiyo natumia mpira wa maji ulio kule juu ya paa. Haupigi kelele hata kidogo.

Waliomaliza shule wasingefikiria hivi. Nimechoka lakini nina akili.

13 Julai

Kuta zote, na siri. Arobaini na tatu.

15 Julai

Kuta zote, na siri. Majani ya ukuta wa jua yamelala. Yamechoka kama mimi. Nitayaongezea.

19 Julai

Bibi alitoka chumbani saa nane na nusu, kiu ilimwamsha. Akanikuta na mpira mkononi.

Hakupiga kelele. Alikuja pole pole, anashika ukuta, akaweka mkono chini ya maji, akauondoa haraka. Yalikuwa yanaunguza. Mpira unalala juani kule juu tangu alfajiri, maji yanakaa ndani yake yanachemka, na mimi siku nane nimekuwa nikiyaelekeza kwenye mizizi. Kila mtoto wa mtaa huu anajua. Mimi najua! Tangu nina miaka mitano naambiwa: mpira si wa kunyweshea, mpira ni wa kuoshea sakafu, maua ni ya kisima. Nikajiona mjanja nikasahau ninachojua.

Alichomeka kidole kwenye udongo wa chungu kimoja. Akanusa kidole.

"Umeyapika," akasema.

"Bibi..."

"Umeyapika, Acisclo. Nusa mwenyewe. Ni supu."

Akaanza kung'oa mimea ya vyungu vya chini alivyovifikia. Mizizi ya kahawia, laini, inavutika kama tambi. Vyungu mia moja na vinne vya ukuta wa jua. Baadhi ya mashina yale yametoka kwa mama yake, yanakatwa na kupandwa upya kila Novemba tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hayo nayo.

"Kwa nini?"

Nimeapa. Nikasema: "Nilitaka yachanue."

"Yachanue Julai? Kwa ajili ya nani? Nani anakuja Julai? Nani anakuja Agosti?"

Nikatazama miguu yangu.

"Niletee daftari," akasema. "Nataka kujua ulianza lini."

"Mwandiko wangu huuwezi."

"Niletee."

Nikasema limepotea. Akaingia ndani akafunga mlango, si kwa nguvu. Angefunga kwa nguvu ningelala.

20 Julai

Ukuta wa kisima. Ukuta wa ngazi.

21 Julai

Ukuta wa kisima. Ukuta wa ngazi. Bibi haongei. Anaweka sahani, anaondoa sahani. Eutimio ananiuliza nani kafa. Nikamwambia mia moja na wanne.

22 Julai

Ukuta wa kisima. Ukuta wa ngazi.

Nimefikiri hivi, na nimefikiri kwa kichwa chenye joto la digrii arobaini na nne, kwa hiyo asinihukumu mtu. Mdomo wangu ndio ulioapa. Mkono haukuapa kitu. Mkono umekuwa ukiandika humu kila siku bila kuulizwa. Na daftari la maji mahali pake tangu zamani ni mezani jikoni, kando ya chupa ya mafuta. Mimi ndiye nililiondoa.

Nalirudisha mahali pake. Basi.

23 Julai

Acisclo,

Nimesoma. Imenichukua asubuhi nzima na miwani miwili. Hujui kuandika na hujui kunyamaza.

Ukuta wa jua uache, usiunyweshe tena.

Mpigie dada yangu, kisha unipe simu.

Araceli

24 Julai

Nilipiga. Nikampa simu. Nilidhani atalia au atafoka, nikakaa karibu na mlango tayari kwa lolote.

"Fuensanta? Mimi. ... Hapana, nisikilize mimi kwanza. Ukuta umekufa. ... Ule wa jua. Wote. Huyu mpumbavu kaupika. ... Hapana, sitanii. Kwa hiyo ulisema kweli, umekauka, na mimi bado nimeshika ufito, umefurahi? ... Mei usije. Mei utasukumwa na watu. Njoo hiyo Agosti yako. ... Najua. Najua, Fuensanta. Hakuniambia, nimesoma. ... Usiniambie habari za huruma, mimi nina vyungu mia moja na vinne vya kuosha. Njoo hivyohivyo."

Akanirudishia simu. Akasema: "Kaoshe vyungu."

2 Agosti

Kuta mbili. Vyungu vimeoshwa vyote. Mgongo wangu si wangu.

9 Agosti

Kuta mbili. Arobaini na tatu. Bibi kanifanya nipake chokaa upya ukuta wa jua. Misumari mia moja na minne, nimeizunguka mmoja mmoja kwa brashi. Eutimio alipita kutazama akasema: "Kazi safi. Sasa unafanana na mtu."

17 Agosti

Amefika.

Nilimchukua stesheni saa tisa mchana, saa ambayo hapa ni wehu na wageni tu walio nje, na wengine ni vyote viwili. Kutoka kwenye treni ya Sevilla akashushwa bibi mdogo kama mkoba, kwenye kiti cha magurudumu. Amevaa sweta. Sweta la sufu, la kijani, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Digrii arobaini na mbili.

"Bibi, hilo livue, utakufa."

"Hiyo nishaambiwa," akasema. "Sukuma."

Tulipita kibandani kwa Eutimio, akakimbia nje na kofia bora kuliko zote, ile ya ukingo mpana asiyoniruhusu hata mimi kuijaribu. "Zawadi ya kibanda, mama."

"Nimetoka Bremen kufuata jua, wewe unanipa kivuli? Asante, baba. Mvalishe huyu, atazimia."

Nilivaa mimi. Ilinipendeza, lakini nilikuwa nimechoka hata kujisifu.

Bibi alisimama mlangoni kavaa gauni la kanisani. Wale wawili walitazamana. Nikangoja maneno. Bibi akasema: "Umekuwa mfupi." Yule akasema: "Na wewe umekuwa mama yetu mtupu." Ndiyo salamu, baada ya miaka thelathini na moja.

Bibi akataka kumwingiza ndani haraka, chumba cha giza, sakafu nimeimwagia maji, kuna ubaridi. Bibi Fuensanta akashika gurudumu. "Uani," akasema.

"Uani jua limejaa. Na hakuna kitu cha kuona."

"Uani, Araceli."

Nikamsukuma uani. Ukuta wa jua mweupe mtupu, misumari imechomoza, mwanga unarudi usoni kama kofi. Bibi kageuza uso. Amesubiri siku hii nusu ya maisha yake, na alichonacho cha kuonyesha ni misumari.

Bibi Fuensanta akafungua kifungo cha kwanza cha sweta. Cha pili. Akalivua lote, akaweka mikono yake juu ya mapaja, viganja juu, akafumba macho.

"Fuensanta, utaungua."

"Niache niive."

"Hakuna hata ua moja."

"Maua Bremen yapo. Yanauzwa kila kona, ya bei nafuu, mazuri. Miaka sitini sijawahi kukosa maua." Alisema bila kufumbua macho. "Nimekuwa na baridi, Araceli. Tangu niliposhuka kwenye lile treni lao, mguuni, hapa, kwenye mifupa. Majiko yao hayafiki humu. Kila uliponitumia picha nilikuwa natazama vivuli vya vyungu, nasema lile ni jua la saa tisa. Mama alikuwa anatutoa hapa Agosti tukikohoa, unakumbuka? Anatuweka kwenye ukuta huu kama nguo."

Bibi alikwenda kuchota. Gurudumu la kisima likalia kama nguruwe. Akarudi na kopo akamwagia dada yake miguuni, kwenye mawe, na mawe yakatoa ile harufu yao, mvuke na chokaa.

"Hapo," akasema Bibi Fuensanta. "Hapo hapo."

18 Agosti

Kuta mbili. Na miguu ya Bibi Fuensanta.

25 Agosti

Kuta mbili, na miguu. Wanagombana kutwa. Leo ni kuhusu iwapo mama yao alitia bizari kwenye mchuzi wa konokono. Mimi ndiye msukuma kiti: Bibi Fuensanta anafuata jua uani kama paka, kila robo saa nimsogeze. Mgeni alichungulia mlangoni akaniuliza wakati gani mzuri wa kuja. Nikamwambia anisubiri, nina mtu wa kusogeza. Nilivyorudi alikuwa keshaondoka.

8 Septemba

Kuta mbili, na miguu. Leo ni sikukuu ya Bikira wa Fuensanta, aliyepewa jina lake. Nilikwenda gulioni nikamletea kengele ndogo ya udongo kama wanavyopewa watoto. Sasa nikichelewa kumsogeza anaipiga. Nimejitafutia mwenyewe.

Anakula vijiko vitatu. Anasema supu ya Bibi ina chumvi. Bibi anasema wa kufa hachagui. Wakacheka mpaka nikaogopa.

13 Septemba

Ukuta wa kisima. Ukuta wa ngazi.

Saa kumi jioni, akiwa uani, jua kwenye magoti. Nilikuwa naenda kumsogeza. Kengele haikulia.

15 Septemba

Tumemzika. Kuta mbili.

16 Septemba

Sikunywesha. Nililala mpaka saa tano na hakuna aliyenigombeza.

17 Septemba

Kuta mbili, mapema. Thelathini na sita, joto la kuagana.

Nilipotoka kazini nyumba ilikuwa imefungwa, giza, baridi, kama inavyotakiwa. Bibi hakuwa chumbani. Hakuwa jikoni. Nikamkuta uani, saa tisa, mbele ya ukuta mtupu, kwenye kiti cha magurudumu, kavaa sweta la kijani. Bibi, ambaye kila kiangazi ananirushia ndala nikipita juani. Jasho linamtiririka.

"Bibi, ingia ndani. Utaungua."

Alikuwa anafungua kifungo cha kwanza.

"Niache niive," akasema.

Nikaenda kisimani, nikachota, nikamwagia mawe ya miguuni pake. Mvuke ukapanda. Kisha nikakaa chini kando yake na kofia ya Eutimio kichwani, nikaivua. Baada ya robo saa jua likamtoka, na ile kengele ikalia mkononi mwake.